Elimu ya Wakfu na Dhima ya Mwenye Kuipokea

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekesha chumbani mwake kwa sababu bando la usiku ni rahisi kuliko la mchana, akafungua katika simu yake somo zima la hisabati lililofundishwa katika chuo cha MIT huko Massachusetts, akapakua mihadhara, mazoezi na majibu yake pasipo kumlipa mwalimu wala kumwomba mtu idhini, ametenda tendo ambalo wazee wetu wa fikihi wangalimwuliza jina lake kabla ya kumwuliza faida yake. Je, amepewa hiba? Ameazimwa? Ameokota njiani kitu ambacho mwenyewe hajulikani? Au amekula mali ya wakfu? Maswali haya si mchezo wa wanazuoni waliokosa kazi, kwa kuwa kila njia ya kupokea ina dhima yake, na mtu asiyejua amepokea kwa njia gani hawezi kujua anadaiwa nini, wala ni nani amdaiye.

Mambo yenyewe hayana umri mrefu. Aprili 2001 MIT kilitangaza kwamba kitaweka mafunzo yake hadharani kwa kila mtu ulimwenguni, na leo kozi zilizokwisha kuwekwa zimepita 2,500. Julai 2002 UNESCO ikaitisha mkutano mjini Paris kutazama mafunzo ya namna hiyo yatavifaa nini vyuo vikuu vya nchi zinazoendelea, na hapo ndipo lilipopatikana jina la nyenzo huria za elimu. Na Desemba ya mwaka huohuo zikatolewa leseni za Creative Commons, ambazo humwezesha mtungaji kutamka mwenyewe, pasipo kwenda kwa wakili, ni lipi aliloliruhusu katika kazi yake na ni lipi alilolizuia. Msomaji aangalie kwamba sisi wa nchi hizo tulitajwa katika habari hii tangu siku ya kupewa jina, lakini tulitajwa kwa cheo cha wapokeaji, na cheo cha namna hiyo, kikikaa juu ya mtu muda mrefu, humganda hata akadhani amezaliwa nacho.

Tuanze na lililo jepesi. Mafunzo haya si lukata, maana kilichookotwa hakijulikani mwenyewe, na hapa mwenyewe ameandika jina lake; ijapokuwa wako, kama nitakavyoeleza, wanaoyafanya kuwa lukata kwa kulifuta jina hilo. Si ariya, kwa kuwa kitu cha kuazimwa hurudi kwa mwenyewe, na mafunzo haya hayarudishwi wala hakuna ayangojaye. Wengi watasema ni hiba, nami sikubaliani nao, kwa sababu hiba huhamisha milki: nikikupa ng'ombe, ng'ombe ni wako, ukitaka umchinje, umuuze, au umfungie zizini jirani asipate hata kikombe cha maziwa, wala mimi sina tena neno, ilhali mwanafunzi aliyepakua kitabu cha leseni huria hakuwa mwenye kitabu, hana ruhusa ya kukitia jina lake, wala hana amri ya kuwazuia wengine wasikipate.

Linalobaki ni wakfu, na kwa rai yangu ndilo lenyewe. Sayyidna Omar alipopata shamba huko Khaybar alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kumtaka shauri, na shauri alilopewa lilikuwa aizuie asili na ayatoe matunda: shamba lisiuzwe, lisirithiwe, lisitolewe hiba, bali mazao yake yawaendee mafakiri, wasafiri na wengineo waliotajwa. Mtungaji anayekitoa kitabu chake kwa leseni huria hufanya jambo lililo jirani kabisa na hilo, maana asili ya haki yake haiachi, huendelea kukaa naye, lakini matunda ameyaachilia kwa watu asiowajua, na wengine wao hawajazaliwa; na kama vile jamhuri ya wanazuoni wasemavyo kwamba aliyekwisha kuwakifu hana njia ya kurejea nyuma, kinyume cha rai mashuhuri ya Imamu Abu Hanifa, leseni hizo nazo hazitanguki kwa mtu aliyekwisha kuipokea kazi chini yake. Sidai kwamba wanasheria wa Marekani waliufungua mlango wa wakfu katika Minhaji ya Imamu Nawawi. Nadai tu kwamba walilifikiri jambo lilelile, wakafika karibu na walipofika wenzao zamani.

Na kwetu pwani wakfu wa vitabu si habari ya kuhadithiwa. Katika Msikiti wa Riyadha wa Lamu, alioasisi Habib Saleh aliyefariki 1935, vimehifadhiwa vitabu vya mkono, na katika baadhi ya vitabu hivyo msomaji, kabla hajamfikia mtungaji na bismillahi yake, hukutana kwanza na mistari michache ya mtu mwingine, yenye kueleza kwamba kitabu hiki kimewekwa wakfu kwa ajili ya wenye kutafuta elimu. Mistari hiyo ndiyo leseni. Aliyeiandika hakuwa na mashine ya kukihesabu kila kitabu kimesomwa mara ngapi. Alikuwa na imani kwamba atakayekifungua baada yake ataiona amana na kuiogopa. Na inafaa kukumbuka ni wanafunzi gani waliokusudiwa, kwa kuwa Habib Saleh, aliyekuja Lamu kutoka Ngazija, alisifika kwa kuwafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwafundisha, watu ambao kama kitabu kingalikuwa cha kununuliwa wasingalikishika maishani mwao. Katika zama zetu vitabu hivyo vimepigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, picha zikawekwa katika intaneti, hata kitabu kilichowakifiwa wanafunzi wa Lamu kikaweza kufunguliwa na mwanafunzi aliye Jakarta. Hapo wakfu wa kale na mtandao wa leo vimekutana katika ukurasa mmoja, na sioni kwamba kimoja kimeona haya mbele ya kingine.

Tukikubali kwamba ni wakfu, hali ya mpokeaji hubadilika papo hapo, kwani mlaji wa wakfu si mwombaji. Mtu anayeswali katika msikiti wa wakfu haendi kila Ijumaa kuwapa shukurani wajukuu wa aliyeujenga. Huingia kwa haki yake, kwa sababu mwenye kujenga alimkusudia yeye, pasipo kumjua jina. Hali ya mtoaji nayo hubadilika, maana hana tena njia ya masimbulizi, ambayo Kurani imekwisha kutufunza kwamba huibatilisha sadaka. Nasema hivi kwa sababu zipo taarifa za wafadhili, zilizochapwa kwa karatasi nzuri, ambamo kijana wa Kiafrika hupigwa picha akiichekea kompyuta kana kwamba ameona mwezi wa Idi, na chini ya picha ni idadi ya waliosaidiwa. Anayewakifu kwa insafu hahitaji picha hiyo. Na wako upande wa pili wasemao kwamba hakuna deni lolote hapa, kwa kuwa elimu haipungui kwa kutolewa. Hoja hii imechakaa kwa kutumiwa, nayo ina upungufu mmoja, kwamba inahesabu gharama ya kunakili peke yake na kusahau miaka ambayo mwalimu aliketi akiandika, akifuta, akisahihishwa na wanafunzi wake, mpaka somo likakaa sawa.

Lakini wakfu una masharti, na mafakihi wameyapa masharti ya mwenye kuwakifu uzito unaokaribia uzito wa nassi. Leseni hizi husharutisha, kabla ya jambo jingine lolote, kwamba mtungaji atajwe. Natuangalie basi yanayotendeka. Kitabu cha takwimu hupakuliwa na kijana mmoja mwenye bando; kutoka kwake hwenda katika kundi la WhatsApp la darasa; mwingine hukata sura nne zinazotazamiwa kutoka katika mtihani, akaziunga na maswali ya miaka iliyopita; mwenye duka la steshenari karibu na lango la chuo huzichapa, akazibana pini na kuziuza kwa bei ya karatasi; na ufikapo mwezi wa mitihani, kile kilichokuwa kitabu cha mtu mwenye jina kimekuwa desa, kama wenyewe wanavyoliita, halina jalada, halina mtungaji, halina mwaka, na ukurasa wa pili uliokuwa na leseni ndio uliotangulia kutupwa, kwa kuwa haumo katika mtihani. Simlaumu sana mwenye duka. Leseni ya MIT hukataza biashara, na wako watakaobishana nami, lakini naona anachokiuza ni wino, karatasi na kazi ya mikono yake, wala si elimu ya mtu.

Kilichopotea katika safari hiyo ni sanadi. Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, waliofariki wote wawili 1925 baada ya kuipa Unguja sifa ya mji wa elimu, walivuka bahari kwenda Hadhramaut na Hijazi wakasoma kwa mashekhe na kupokea ijaza, na ijaza hiyo haikuwa cheti cha kuombea kazi. Ilikuwa ni ushahidi kwamba neno walibebalo limetoka kwa fulani, aliyelipokea kwa fulani, hata likafika kwa aliyelitamka kwanza. Faida yake ni ya adabu, nayo ni ya akili vilevile, kwa kuwa anayejua neno limetoka wapi ana mahali pa kurudi anapolitilia shaka. Desa halina mahali pa kurudi. Alama ya kutoa iliyofutika katika mashine ya fotokopi, mbele ya tarakimu katika mstari wa saba, itabaki imefutika, wa mwaka wa pili akiipokea kwa wa mwaka wa tatu, na kila anayepata jibu baya hudhani ujinga ni wake. Kitabu chenyewe, kilichosahihishwa zamani na mtungaji wake, kiko wazi kwa kila mtu, hakidai hata senti, nacho kimekuwa mbali kwa sababu hakuna aliyehifadhi jina la kukitafutia.

Hapa nimeingia katika mlango wa milki, na mlango huu wanazuoni hawakuufunga kwa kauli moja. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan aliona kwamba mtungaji hana haki ya kumzuia mwingine asichape kitabu alichokwisha kukinunua. Majmaa ya Kimataifa ya Fikihi ya Kiislamu, ilipokutana Kuwait 1988, ikaamua kinyume chake, kwamba haki za utunzi ni mali inayolindwa na Sharia. Nchini India jambo hili lilifika mbele ya mahakama isiyokuwa ya dini, na bado halikuweza kuikwepa dini: wachapishaji watatu wakubwa, Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis, walilishitaki mwaka 2012 duka dogo la fotokopi liitwalo Rameshwari, lililomo katika eneo la Chuo Kikuu cha Delhi, kwa kuwatolea wanafunzi mikusanyo ya sura za vitabu vyao, na hukumu iliyotoka Septemba 16, 2016 ilikuwa na maelezo kwamba haki ya utunzi si haki iliyoshushwa na Mungu wala si ya maumbile, bali ni kitu kilichowekwa na sheria kwa manufaa ya umma. Desemba ya mwaka ule majaji wa rufaa walirudisha baadhi ya masuala yasikilizwe, na 2017 wachapishaji wakaiacha kesi.

Mimi, pamoja na huruma yangu yote kwa wanafunzi wa Delhi, naegemea Kuwait, na sababu yangu haitokani na mapenzi kwa wachapishaji. Hakuna awezaye kuwakifu asichokimiliki. Tukisema kwamba mtungaji hana milki yoyote katika utunzi wake, basi yule aliyeutoa bure hakutoa kitu, na yule aliyekataa kuutoa hakuzuia kitu, na ukarimu wenyewe umetoweka mbele ya macho yetu. Na kutoka hapa yafuata jambo ambalo vijana wengi hawapendi kulisikia, kwamba katika flashi moja wamechanganya vitabu vya aina mbili, vilivyowakifiwa na vilivyonyakuliwa, na hawajali kuvibagua. Natambua kwamba kipo kitabu cha udaktari ambacho bei yake itamaliza bumu lote, yaani fedha ya mkopo wa masomo, kijana akashinda na njaa, wala sina moyo wa kumhukumu aliyekisoma kwa njia ya kificho ili apate kutibu watu. Lakini mafakihi wana kanuni hapa iliyopimwa kwa uangalifu: dharura humwondolea mtu dhambi, wala haiiondoi haki ya mwenzake. Aliyekula tonge la mwingine kwa njaa hakuiba, na bado anadaiwa tonge.

Tumrudie mlaji wa wakfu, ambaye hadaiwi tonge. Adaiwa nini? Kila wakfu una mutawalli, yaani msimamizi wake, na pwani nzima twajua yaliyozipata nyumba za wakfu zilizokosa wa kuzishughulikia: kodi hailipwi, dari inavuja, mwishowe ukuta unalala barabarani, na wote waliokuwa wakifaidi wanauliza nani alipaswa kutengeneza. Oktoba 2023 wahalifu wa mitandao waliishambulia British Library, na huduma zake nyingi za kidijitali zikakatika kwa miezi mingi, hata wasomi waliozoea kusoma miswada ya duniani kote kutoka vitandani mwao wakajiona wamefungiwa nje. Kilicho Lamu kilibaki Lamu, katika karatasi yake. Hili si la kuwacheka Waingereza. Maktaba yoyote yaweza kupatwa nalo. Ni la kutufikirisha juu ya vyuo vyetu vyenyewe, ambavyo aghalabu huiita maktaba huria orodha ya viungo vya kwenda kwa watu wengine, pasipo nakala hata moja iliyohifadhiwa nyumbani, ijapokuwa leseni imeruhusu kuhifadhi, na kuhifadhi hakuhitaji kibali cha mtu.

Utafiti mpana ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Cape Town kati ya 2013 na 2017, ukagusa nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha jambo ambalo halitamshangaza aliyewahi kufundisha huku: watu huzitumia nyenzo huria kama walivyozikuta, na wachache hukaa wakazirekebisha, na walio wachache zaidi huzirudisha hadharani baada ya kuzirekebisha. Yaani tumekuwa walaji hodari na watengenezaji wavivu. Lakini nitakuwa dhalimu nikimtwika dhima hii mwanafunzi anayengoja saa sita ya usiku ili bando lake litoshe. Dhima hii ni faradhi ya kutoshelezana, ambayo wakiitekeleza baadhi ya wanaoiweza wengine huvuliwa, na wasipoitekeleza hata mmoja lawama huwafikia wote, ikianzia kwa walio na uwezo zaidi; na wenye uwezo hapa ni vyuo na wahadhiri wake.

Wala si kwamba tumekosa kigezo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa na Kiarabu cha kumtosha kuzungumza na wanazuoni wenzake mpaka kufa kwake 1947. Lakini alipotaka elimu imfikie mtu wa Mombasa ambaye hakuwa na Kiarabu hicho, alitoa *Sahifa* mwaka 1930, kisha *Al-Islah* mwaka 1932, akaandika Kiswahili, kwa kuwa aliona kwamba aliyepokea kwa lugha moja hajamaliza kupokea mpaka atoe kwa lugha nyingine. Katika zama hizi mradi wa TESSA wa mafunzo ya walimu, ulioanza 2005, ulipatiwa toleo la Kiswahili kwa walimu wa Tanzania, na hilo ni ushahidi kwamba jambo hili lawezekana. Mbona basi somo la takwimu, la uchumi, la elimu ya viumbe, halijapata bahati hiyo katika ngazi ya chuo kikuu? Mara nyingine leseni yenyewe ndiyo kizuizi, kwa sababu wako watungaji wanaotoa kazi zao kwa sharti kwamba zisibadilishwe hata kidogo, na kutafsiri nako huhesabiwa kuwa kubadilisha. Wakfu wa namna hiyo una mkono wa kulia unaotoa na wa kushoto unaoshika, na nisingalisita kumwandikia mtungaji wake barua ya kumwomba aulegeze. Lakini leseni nyingi hazina kizuizi hicho, na ukimya uliopo ni wetu.

Lipo pia la noti. Mhadhiri wa chuo cha serikali huandika noti kwa muda alioajiriwa na umma, katika ofisi ya umma, kwa ujira uliokwisha kulipwa, na Imamu Ghazali, aliyemtaka mwalimu asitafute ujira hata wa kwanza, sijui angalisema nini juu ya anayezifungia noti hizo ili aziuze mara ya pili kwa wanafunzi walewale. Ukimwuliza kwa nini hazitoi hadharani, kwa leseni, zikasomwa Mwanza, Bujumbura na Lubumbashi, hatataja fedha. Atasema kwa unyenyekevu kwamba bado hazijafikia daraja ya kuonwa na watu. Hata hivyo amezisoma mbele ya vijana mia tatu mwaka jana, na mia tatu mwaka juzi, akawatungia mtihani kutokana nazo, na walioshindwa kuzirudisha neno kwa neno akawaandikia sapu, wakarudi likizoni kufanya mtihani wa noti ambazo mwenyewe anaona haya kuzionyesha.